Kona Niliyoifumua

Gisenyi, Jumamosi alasiri

Keza mwanangu,

Umevuka mpaka kwenda Goma kumuaga tantine wako Furaha, dada yake mama yako; mama yako anakaanga sambaza, visamaki vya ziwa letu, za kukufungia safarini, na mimi nimefukuzwa jikoni kwa kosa la kusimama katikati. Basi nimekaa hapa mezani nikuandikie. Kesho asubuhi pale kituoni sitasema kitu cha maana. Unanijua. Nitashika sanduku, nitamuuliza dereva kama matairi yamekaguliwa, kisha nitakuambia "haya" na kugeukia upande wa ziwa kama mtu anayesubiri boti.

Habari za kuchemsha maji, za kuficha pasipoti, za kutokula chakula cha mtu usiyemjua ndani ya basi, mama yako amekwisha kuzisema, na leo asubuhi nimemsikia akizirudia nje ya mlango wa bafu wewe ukiwa ndani. Mimi siongezi. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishiwa kuandika kule Karagwe, nilikokulia nikiwa mtoto wa wakimbizi, na kwa sababu huko Dodoma ndicho utakachoishi nacho miaka yote ya chuo. Ukiwaambia "iko muzuri" kama mama yako na dada yake, watakucheka. Waache wacheke. Mimi nilimuoa mama yako kwa sababu ya hilo hilo "iko muzuri".

Nataka nikueleze mambo ya sindano. Yote, hata yale uliyokwisha kuyasikia kwa mama yako, maana yeye huyasimulia akiniigiza sauti, na mimi siongei vile.

Yalianza na zawadi. Wewe ulikuwa na miaka tisa. Mama yako alikuwa anatimiza arobaini, na kwa wiki tatu alikuwa akinidokezea kwamba sufuria kubwa imetoboka. Nikaingia duka moja mjini, nikaona boksi lenye picha ya maua: seti ya kudarizi kwa mkono. Ndani kulikuwa na kitambaa cheupe kilichokwisha kuchorwa, nyuzi za rangi kumi na mbili, sindano mbili, fremu ya duara ya mbao ya kubania kitambaa kisilegee, na karatasi ya maelekezo. Nilitoka dukani nikijiona mume wa maana sana. Mama yako alilifungua, akatazama, kisha akaligeuza juu chini kama vile sufuria ingeweza kudondoka.

"Papa Keza, hii ni nini?"

"Ya kudarizi. Ujiburudishe."

"Mi nashinda soko natandika nguo, nakuya hapa napika, halafu jioni unataka nishone maua? Bon. Asante."

Boksi likapanda juu ya kabati, likakaa huko miezi.

Wakati huo mimi nilikuwa na presha. Muuguzi aliniambia nitafute kitu cha kunituliza, kwa sababu nikisahihisha mitihani ya hisabati ya kidato cha tatu mishipa ya shingo ilikuwa inasimama. Nikajaribu kukimbia kando ya ziwa, goti likakataa. Nikajaribu kufuga sungura; wakahamia kwa jirani na kumaliza kabichi zake, na presha ikapanda zaidi. Halafu Jumapili moja mvua ilinyesha, ninyi mkaenda kanisani, mimi nikabaki na mafua. Nikaliteremsha lile boksi. Nilisema moyoni kwamba nasoma maelekezo tu.

Mliporudi nilikuwa nimeshona jani. Jani moja, Keza, limepinda, na upande wa nyuma nyuzi zimening'inia kama ndevu za mbuzi. Lakini kwa saa mbili sikuwa nimewaza habari ya mwanafunzi yeyote aliyegawanya kwa sifuri. Nilisikia geti, nikasukumia kitambaa chini ya mto wa kochi, nikamwambia mama yako nilikuwa nasahihisha.

Sijui kwa nini nilidanganya. Najua, ila naona haya. Shuleni wanafunzi walikuwa wananiita Radi. Nilikuwa nikipita ukumbini vichwa vinainama. Nilidhani Radi akionekana na ua la waridi mapajani, basi imekwisha, hakuna tena atakayejifunza aljebra Gisenyi nzima.

Ningeweza kujifungia nyumbani na siri yangu, lakini nikakwama kwenye fundo. Katikati ya kila ua panatakiwa vifundo vidogo kama mbegu, na kila nilichofunga kilikuwa kinapotelea nyuma ya kitambaa. Nikasikia kwamba kule Mahoko, nyuma ya soko, kuna fundi cherehani aitwaye Mama Solange ambaye Jumamosi alasiri hukaa na wanawake wenzake wakidarizi. Nyumbani nikatangaza kwamba nimechaguliwa katika kamati ya ujenzi ya parokia. Kamati hiyo haikuwahi kuwapo. Nilikuwa mwenyekiti wake kwa miezi saba.

Siku ya kwanza nilisimama mlangoni, kitambaa nimekifunga kwenye gazeti kama mtu aliyenunua nyama.

"Umekuja kupimwa suti, mwalimu?" akauliza Mama Solange.

"Hapana. Nina tatizo la fundo."

Wanawake saba wakaacha kushona. Nikafungua gazeti. Mmoja wao, Vestine, mkulima wa viazi kutoka Mudende, alicheka mpaka akafuta machozi kwa kile kitambaa changu. Kisha akaniwekea kiti. Vestine alikuwa na vidole vinene vya kukamua ng'ombe, na vifundo vyake vilikuwa vidogo kama mtama, vyote sawa. Akanionyesha: unazungusha uzi kwenye sindano mara mbili, unaukaza kwa kidole gumba, na huuachii mpaka sindano ipite yote.

"Wewe unaachia mapema," alisema. "Una haraka ya kuona kama umepatia."

Aliniambia maneno hayo wiki saba mfululizo. Wanafunzi wangu ningewafukuza darasani wiki ya pili.

Nilifurahi sana Mahoko. Huko sikuwa Radi, nilikuwa wa mwisho darasani. Walinipa kitita cha nyuzi na kastabini, kile kikofia cha bati cha kukinga kidole, na wakaniruhusu nichague kazi kubwa ya kwanza. Nikachagua korongo mwenye taji. Nilitaka kumpelekea mama yako kwenye foronya, na siku hiyo ndipo ningekiri yote. Ndivyo nilivyojiambia kila Jumamosi.

Sasa, upande wa pili wa mambo hayo nilikuja kuujua baadaye. Mama yako alikuwa ameona uzi wa rangi ya waridi kwenye kola ya shati langu. Alimwonyesha Furaha, ambaye kila asubuhi alikuwa akivuka mpaka na vitenge vyake vya kuuza na kupumzika kwetu. Furaha aliunusa ule uzi. Kwa nini mtu anuse uzi, muulize mwenyewe ukimpigia simu.

"Dada," alisema, "uzi ya rose kwa kola ya mwanaume? Kila samedi? Ule bwana yako iko na mwanamuke. Tena iko fundi wa nguo."

Utaona kwamba hakukosea sana.

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi la Mahoko, na nyuma yangu zikaja pikipiki mbili, mama yako kwenye moja na Furaha kwenye nyingine, amevaa raba kwa ajili ya vita. Furaha ndiye aliyeingia kwanza.

"Iko wapi? Iko wapi ule mwanamuke?"

Wanawake saba wakainua macho. Mimi nilikuwa katikati yao, fremu mapajani, kastabini kidoleni, uzi mdomoni. Mama yako alisimama pale mlangoni, akawatazama mmoja mmoja.

"Ni nani kati yenu?"

"Nani wa nini, mama?" akasema Mama Solange kwa upole. "Huyu ni mwanafunzi wetu. Ila si mzuri sana."

Mama yako akaja, akainyanyua fremu kutoka mapajani mwangu. Akaitazama muda mrefu.

"Papa Keza. Miezi saba. Kamati. Kwa ajili ya kuku?"

"Si kuku," nikasema, uzi bado mdomoni. "Ni korongo."

Furaha akachungulia juu ya bega lake. "Ni kuku," akasema. "Na iko mugonjwa."

Hapo watu wote walianguka kwa kicheko, na mama yako alicheka kuliko wote, akaketi juu ya rundo la vitambaa akishika mbavu. Hiyo ndiyo sehemu anayoisimulia. Sehemu asiyoisimulia ni kwamba kicheko kiligeuka. Alianza kulia akiwa bado anacheka, na aliniambia kwa sauti ya chini, kwa Kinyarwanda ili Furaha asiingilie, ingawa Furaha anakielewa vizuri sana: "Nilikuwa nimekwisha kupanga nitakavyomwambia Keza." Kumbe wiki nzima hakuwa amekula vizuri. Mimi nilikuwa naona uongo wangu ni mdogo kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa dogo. Yeye hakujua ni dogo. Yeye aliona tu ukubwa wa kufichwa.

Kwa hiyo ukipenda kitu huko uendako, hata kiwe cha kuchekesha namna gani, kiseme mapema. Watakucheka siku mbili. Mimi walinicheka siku mbili nyumbani na wiki moja shuleni, ambako mtu alichora kuku ubaoni akiwa na miwani yangu. Nilimgeukia yule kuku, nikawaambia watafute eneo lake. Aljebra haikufa Gisenyi. Hata presha ilishuka.

Sasa nafika kwako.

Ulicheka siku mbili kama wengine, na siku ya tatu ulikuja na sindano ya mama yako ya kushonea vifungo, ukakaa karibu nami. Miaka mitatu iliyofuata ilikuwa mizuri kuliko yote niliyowahi kuwa na mtu yeyote mezani. Tulimaliza seti ya maua, tukamaliza ya vipepeo, tukaanza kuchora wenyewe kwa penseli kwenye mashuka ya zamani. Ulikuwa unashona ukiimba, na mishono yako ilikuwa inafuata wimbo: mirefu kwenye kiitikio, mifupi kwenye ubeti. Mimi nilikuwa natumia rula.

Mdogo wangu Innocent alipotaka kuoa, tukaamua tumpe kitambaa cha meza, mimi kona tatu na wewe moja. Uliweka mlima wetu wa volkano, huu tunaouona tukisimama uani. Uliushona kwa rangi ya mbilingani, na moshi wa rangi ya chungwa, na juu yake mbuzi aliyekuwa mkubwa kuliko mlima.

"Mbuzi anafanya nini huko?" nikauliza.

"Anaangalia Goma."

Nilicheka. Lakini moyoni, mwanangu, nilikuwa nawaza wageni. Kona zangu tatu zilikuwa na makorongo, na safari hii walikuwa makorongo kweli, kila mshono milimita nne. Na kona ya nne, mbuzi. Jumanne moja ulikuwa shuleni na mimi sikuwa na vipindi. Nikachukua mkasi mdogo, nikafumua. Ilinichukua asubuhi nzima, maana ulikuwa unakaza nyuzi kwa nguvu. Halafu nikashona mlima mwingine, wa kijivu, pembe zake mbili za chini zikiwa sawa. Nilitumia kipimapembe, Keza. Nilikaa mezani pangu na kipimapembe.

Ulirudi na begi mgongoni. Ukasimama, ukagusa ile kona kwa kidole kimoja. Ukasema, "Imekuwa nzuri, papa," kwa sauti ile unayosalimia nayo wageni. Na mimi nilikuamini. Mimi ninayemjua mwanafunzi anayeibia kwa namna anavyopumua, nilikuamini, kwa sababu ilinifaa.

Siku ya harusi kitambaa kilikunjuliwa mbele ya watu. Furaha, aliyekuwa ameiona kazi yako ikiendelea tangu mwanzo, akaja kuitafuta kona yake aipendayo.

"Mulima yangu iko wapi?" akasema, na sauti yake unaijua, haihitaji maikrofoni. "Ile ya mbilingani! Na mbuzi! Hii ya hapa ni nini? Ni paa ya nyumba?"

Wewe ukatazama viatu vyako. Mama yako akanitazama mimi. Nilikuwa na mshikaki wa brosheti mkononi na kipande cha nyama mdomoni, na kipande hicho sikumbuki kilikwenda wapi.

Hukushika sindano tena. Hukununa, hukulia, ulikuwa tu na kazi za shule. Nikakununulia seti kubwa kutoka Kigali, nyuzi thelathini na sita. Ukashukuru, ukaiweka chini ya kitanda, na baadaye nikaona inashikilia mguu wa kitanda uliokuwa mfupi. Nikajaribu kuushona tena mlima wako kwa kukumbuka. Mlima ukatoka mbilingani halisi, na mbuzi akatoka meza. Nilikuwa nakuita, "Keza, njoo," ukija nashindwa kusema, nakupa soda. Kwetu sisi baba haombi mtoto msamaha, humnunulia Fanta. Ulikunywa Fanta nyingi sana miaka ile, na sidhani kama ulijua ni za nini.

Halafu mlima wenyewe ukalipuka.

Unakumbuka. Furaha alivuka na watoto wake watatu, godoro kichwani na sufuria mkononi, na siku zile ardhi ilipokuwa inatetemeka tuliishi uani, kwa sababu ukuta wa sebule ulikuwa umepasuka kutoka juu hadi chini. Mtoto wake mdogo, Esther, alikuwa hasemi wala hali. Kila tetemeko likija alikuwa anasimama na kutaka kukimbia, wala hajui aende wapi. Ghafla wewe ukainuka, ukaingia ndani ya nyumba, mama yako akipiga kelele "Yewe! Keza! Toka humo!", ukatoka na lile boksi la chini ya kitanda. Ukaketi kwenye godoro, ukawatungia watoto nyuzi, kila mmoja sindano yake.

"Ikitetemeka msikimbie," ukawaambia. "Endeleeni kushona, tuone itachora nini."

Wakashona. Ardhi ikitetemeka mshono unaruka pembeni, na watoto wanacheka, wanaonyeshana nani ameruka zaidi. Esther akala ugali jioni ile kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yenu, mikono mfukoni. Esther alikuwa anaingiza sindano kutoka upande usio wake, uzi umejifunga mara nne, na nikafungua mdomo.

"Papa," ukasema, bila hata kugeuka.

Nikaufunga. Nimefundisha miaka ishirini na saba, na sijawahi kufundishwa somo fupi kama lile. Nilikaa kimya, nikamtazama yule mtoto akikosea vizuri kabisa. Na nadhani ni kule kukaa kimya ndiko kulikonipa nafasi ya kusema jambo jingine.

"Keza. Nilifumua mlima wako."

"Najua, papa."

"Nilikosa. Ulikuwa wako, na ulikuwa unapendeza. Nisamehe."

Na papo hapo ardhi ikatetemeka, mabati yakalia, kuku wa jirani wakaruka.

"Mungu wangu," akasema Furaha, amekumbatia sufuria, "hata ardhi imeshangaa!"

Ulicheka mpaka ukalala kwenye godoro. Ulipopata pumzi ukaniambia, "Lakini mbuzi alikuwa mkubwa mno." Nikakuambia ndiyo, alikuwa mkubwa mno, na ndiye peke yake pale mezani aliyekuwa na jambo la kuangalia.

Sina hekima nyingi ya kukupa juu ya hayo. Nimejifunza tu kuuliza. Mtu akinionyesha kazi yake siku hizi namuuliza: unataka nione, au unataka nikosoe? Karibu kila mara wanataka nione. Utapata marafiki huko, labda siku moja na mume, labda na watoto, na mikono yako itakuwa na ujuzi kuliko ya baadhi yao, na itakuwasha. Iache iwashe. Na wewe ukipata mtu anayekufumua huku akikuambia anakusaidia, usimpe ile "imekuwa nzuri" ya wageni. Sema. Mimi ningesikia. Nadhani ningesikia.

Jambo la mwisho ni la kukiri, kwa sababu utaligundua Dodoma na sitaki uligundue mbele ya wenzako wa chumbani. Mama yako alisema mashuka ya bweni huibwa, kwa hiyo niandike jina lako kwenye shuka jipya. Nimelidarizi wiki hii yote kwenye pindo, herufi kubwa, uzi wa buluu, mshono wa mnyororo. Nilianza upande wa kushoto kwa furaha nyingi bila kupima. Mwalimu wa hisabati. Leo saa nne asubuhi nimefika ukingoni mwa shuka, na shuka linasema KEZ.

Mama yako amelicheka hadi sambaza zikaungua, ndiyo maana hasa nilifukuzwa jikoni. Amesema nifumue nianze upya, muda upo. Nimelikunja hivyo hivyo, nikaliweka juu kabisa ndani ya sanduku, na pembeni nimechomeka sindano na uzi wa rangi tano. A utaitia mwenyewe. Nafasi haipo; itabidi ikae chini ya zile nyingine, au ipande juu ya Z, au ikunje kona iende upande wa pili. Utajua wewe. Ukimaliza nitumie picha, na mimi sitasema kitu.

Labda uniulize.

Ni mimi baba yako,
ambaye hapa nyumbani ameanza kukukosa na bado hujarudi hata kutoka Goma